Mwili ni Wangu, Choo ni Chetu: Maswali ya Watu wa Kisumu Kuhusu Uhuru na Afya ya Umma

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, mtaa wa Nyalenda mjini Kisumu, Kenya, upande wa chini ambako ardhi inaelekea ziwani. Nyumba nilizopewa kuzitembelea zinakaribia 100. Ugonjwa ukiingia mjini, kabla sijauliza nani anaumwa, huwa nimeshaulizwa mimi: nani amekupa ruhusa ya kuniamuru? Maswali haya nimeyaokota tangu 2020, mengine barazani kwa chifu, mengine kwenye foleni ya maji, na mengi mlangoni, mtu akiwa ameshika pazia nusu. Mimi si wakili. Vifungu vya sheria nilivitafuta kwa sababu nilichoka kujibu watu "ni agizo kutoka juu".

Mimi siumwi. Kwa nini kibanda changu kifungwe kwa sababu ya kipindupindu cha mtu mwingine?

Kutoumwa si sawa na kutokuwa nacho. Wengi wanaomeza vijidudu vya kipindupindu hawaharishi hata mara moja, au wanaharisha siku moja wakadhani ni mboga iliyolala. Hata hivyo kinyesi chao kinatoa vijidudu hivyo kwa siku kadhaa, wengine hata siku 10. Mtu huyo anatembea, anacheka, anakaanga samaki.

Kuna ploti moja ninayoijua vizuri. Vyumba vinane, choo kimoja cha shimo, na kisima kilicho hatua kumi na mbili kutoka chooni. Nimezihesabu kwa miguu yangu. Maji ya ardhini huku kwetu yako juu sana. Mvua ya Aprili ikinyesha siku tatu mfululizo, unainama tu na kuchota kisimani kwa kikombe. Shimo la choo nalo huwa limejaa maji hayo hayo. Kwenye ploti kama ile hakuna tumbo la mtu binafsi. Alichokitoa wa chumba cha nane ndicho anachokunywa wa chumba cha kwanza.

Sasa turudi kwenye kibanda chako. Bwana afya akija kukifunga, muulize mambo matatu kwa upole: amepata kosa gani, unatakiwa kurekebisha nini, na atarudi lini kukagua. Omba majibu kwa maandishi. Mara nyingi anachotaka ni maji ya kunawa yenye mfereji, maji ya kunywa yaliyotiwa dawa, na cheti cha afya cha kila anayeshika chakula, kile kinachofanyiwa upya kila miezi sita. Ukivipata, una haki ya kudai ufunguliwe. Anayekwambia "funga" halafu asikwambie ni mpaka lini hajamaliza kazi yake.

Katiba inasema niko huru. Wanaweza kuuchukua uhuru huo kwa tangazo la redio tu?

Kwa tangazo la redio tu, hapana. Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2010 kinasema haki hupunguzwa kwa sheria, tena kwa kiasi kinachofaa na kinachoweza kutetewa katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia. Kinataka pia itazamwe kama lengo lile lingeweza kufikiwa kwa njia isiyo kali hivyo. Na mzigo wa kuthibitisha ni wa serikali. Wewe huhitaji kueleza kwa nini unataka kwenda sokoni. Wao ndio wa kueleza kwa nini usiende.

Chukua soko la Kibuye siku ya Jumapili. Kama ugonjwa umeonekana kwa wauza chakula kilichopikwa, hatua ya kwanza ni kushughulikia upande huo: kuleta maji, klorini, vyoo, na kuufunga kwa muda ikibidi. Kufunga soko zima, pamoja na yule anayeuza sufuria mpya, kunahitaji maelezo mazito zaidi. Sufuria mpya haijawahi kumharisha mtu.

Kuna haki zinazoweza kupunguzwa namna hiyo: kutembea nchini (kifungu cha 39), kukusanyika (37), hata kuabudu pamoja (32). Lakini kifungu cha 25 kimetaja zile ambazo hazipunguzwi hata kidogo, na mojawapo ni haki ya kutoteswa na kutotendewa kwa ukatili au kwa kudhalilishwa. Kwa hiyo hakuna ugonjwa, hata uwe Ebola, unaompa mtu ruhusa ya kukupiga rungu.

Nikiacha kumeza dawa za kifua kikuu, naweza kufungwa jela?

Hili limeshapita mahakamani, na halikutokea mbali. Mwaka 2010, kule Kapsabet katika Nandi, wanaume wawili waliokuwa wameacha dawa za kifua kikuu walipelekwa mbele ya hakimu na maafisa wa afya. Hakimu akaamuru wawekwe katika gereza la Kapsabet kwa miezi minane, au mpaka wamalize dozi. Walikaa humo siku 46 kabla ya kuachiliwa kwa amri ya Mahakama Kuu.

Hebu fikiria walikowekwa. Kifua kikuu kinasafiri kwa hewa, na kinapenda chumba chenye watu wengi na madirisha madogo. Ukitaka kukisambaza makusudi, huwezi kupata mahali pazuri kushinda gereza la Kenya. Wale wafungwa wengine walikuwa wamekosa nini?

Kesi ilifika kwa Jaji Mumbi Ngugi, na Machi 2016 akaamua kwamba kuwafunga jela wagonjwa kwa ajili ya matibabu ni kinyume cha Katiba. Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, kifungu chake cha 27, inaruhusu mtu aliyekaribiana na ugonjwa wa kuambukiza atengwe. Jela si mahali pa kumtenga mgonjwa. Jaji aliiagiza serikali itunge sera ya kuwatenga wagonjwa wa namna hiyo kwa njia inayoheshimu haki zao.

Nisieleweke vibaya. Uamuzi ule haukusema una uhuru wa kuacha dawa na kuendelea kubanana na watu kwenye matatu. Unaweza kutengwa, ila utengwe mahali pa matibabu, kwa muda unaohitajika tu, na utendewe kama mgonjwa. Mimi mwenyewe, mtu akiacha dawa, swali langu la kwanza ni kama amekula. Vidonge vile juu ya tumbo tupu ni adhabu, na dozi ni miezi sita. Nimewaona wawili walioacha dawa wakairudia dozi na kuimaliza kwa sababu ya unga wa uji, na hakuna askari aliyeitwa.

Kwa hiyo zile kamatakamata za kafyu na barakoa zilikuwa halali?

Kafyu yenyewe, ndiyo. Namna ilivyotekelezwa, hapana.

Kafyu ilianza 27 Machi 2020, wiki mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini, na ikaja kuondolewa 20 Oktoba 2021. Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani siku zile zile za mwanzo, na Aprili 2020 Jaji Weldon Korir akasema amri ya kafyu inaweza kusimama, lakini nguvu ambazo polisi walitumia kuitekeleza zilivunja Katiba. Kwa kutovaa barakoa, kanuni ziliweka faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawakuambiwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Shemeji yangu ni mtu wa bodaboda. Alisimamishwa saa moja na dakika kumi jioni, dakika kumi baada ya kafyu kuanza, abiria wake akiwa mama mwenye mtoto mgongoni, akalala korokoroni kwenye chumba kimoja na watu ambao hakuweza kuwahesabu kwa giza. Asubuhi alitoa kitu kidogo akatoka. Kituo sitakitaja. Alikuwa amekamatwa ili asiambukizwe kwenye msongamano.

Chanjo ni lazima?

Hakuna atakayekuja kukushika mkono kwa nguvu. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba kuanzia 21 Desemba asiyechanjwa Korona hatahudumiwa kwenye ofisi za umma. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo kabla ya tarehe hiyo kufika.

Lakini mimi huwaomba watu wasiziweke chanjo zote kapu moja. Ile ya malaria, iliyoanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019 na kuenea kaunti zetu hizi za ziwani na magharibi, inamkinga mtoto aliyechomwa. Ukiikataa, anayeumia kwanza ni mwanao. Surua ni habari nyingine. Inaambukiza kuliko karibu kila ugonjwa unaoujua, na ili isipate pa kupita inatakiwa watoto kama 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi zote mbili, ya miezi tisa na ya miezi kumi na minane. Mtoto wa miezi minne hawezi kuchanjwa surua. Kinga yake ni wale wanaomzunguka. Kwa hiyo unapokataa chanjo ya surua unaamua pia kwa ajili ya kichanga cha jirani, ambaye mamake hajakupa kibali.

Na ukiwa na wasiwasi, uliza. Muulize muuguzi jina la chanjo, madhara yake, na uende wapi mtoto akipata homa usiku. Nimeona wauguzi wanaokasirika wakiulizwa. Hao ndio wanaowafukuza watu kliniki, si wale wanaosambaza uvumi kwenye simu.

Kanisa letu haliamini hospitali. Je, imani yangu hailindwi?

Inalindwa, na wewe kama mtu mzima mwenye akili timamu unaweza kukataa tiba yako mwenyewe. Huwezi kukataa ya mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya huduma ya afya, na kinasema maslahi yake ndiyo yanayotangulia. Mtoto mwenye kipindupindu anaweza kufa kwa saa chache, kwa hiyo sitakaa kubishana maandiko na wewe. Nitamwita chifu, nitaita pikipiki, tutabishana baadaye. Wahubiri wawili mtaani kwangu wananijua kwa hilo, na mmoja bado ananisalimia.

Matanga yetu je? Wazungu wanazika kwa saa moja. Sisi tuna desturi.

Swali hili ndilo lililonipa shida kuliko yote, kwa sababu mimi pia nimezika.

Juni 2021, kirusi cha Delta, aina mpya ya Korona, kilipokuwa kimeshaingia Kisumu, serikali iliziwekea kaunti 13 za ziwa na magharibi masharti ya peke yake: Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Kisii, Nyamira, Busia, Bungoma, Kakamega, Vihiga, Trans Nzoia, Kericho na Bomet. Kafyu ikarudi saa moja jioni. Mazishi yakatakiwa yafanyike ndani ya saa 72, watu wasiozidi 50. Kwa mtu wa nje, 50 ni wengi. Kwa mwenye boma huku, 50 hawajatosha hata shangazi na wajukuu. Waluo wana tero buru, ng'ombe wanaswagwa na watu wanakimbia na mikuki kufukuza kifo. Waluhya wana siku ya kunyoa, ambapo madeni ya marehemu husemwa hadharani. Mambo haya yana kazi zake. Deni lisiposemwa siku ile litasemwa mahakamani miaka kumi baadaye.

Hata hivyo desturi ina kiini na ina pambizo. Disko matanga si desturi ya babu wa mtu yeyote. Spika zilikuja juzi. Kulala siku nne watu mia tatu wakila kutoka sufuria moja, huku choo ni kimoja, ndiko kunakotuletea vifo vya pili na vya tatu. Kwenye kifo cha kipindupindu mwili wenyewe unaambukiza, kwa majimaji yanayotoka. Walioushika na kuuosha wanawe kwa maji ya klorini, na wasikaribie jikoni siku hiyo. Mimi kama ningepewa kuchagua sharti moja tu, ningechagua hilo la jikoni nikaacha mengine yote.

Na serikali nayo ina la kujibu. Aprili 2020 watu waliovaa magwanda meupe walimzika mtu usiku, huku Siaya, bila jeneza, picha zikasambaa nchi nzima. Maiti ya Korona haikuhitaji kutendewa vile. Jeneza lingekuwepo, sala ingesomwa, mtu mmoja wa ukoo angesimama mita chache akaona kaburi likifukiwa. Baada ya picha zile, katika nyumba zangu 100, watu walianza kuniambia mgonjwa wao "amesafiri". Sikuwa na la kuwaambia. Ningekuwa wao, hata mimi ningesafirisha wangu.

Nikitengwa siku 14, watoto watakula nini?

Wewe umeuliza swali ambalo mabaraza mengi yanalikwepa.

Mwanzoni mwa Korona waliowekwa karantini ya lazima walidaiwa pesa za kukaa humo kwa kila siku. Mtu anafungiwa kwa manufaa ya wote halafu analetewa bili peke yake! Kulikuwa na waliotoroka, kelele zikapigwa, na Mei 2020 serikali ikatangaza kwamba itabeba gharama katika vituo vyake. Mimi sishangai kwamba walitoroka.

Katiba, kifungu cha 43, imeweka afya, maji safi, makao na kutokuwa na njaa kwenye mstari mmoja. Imesema pia kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kwa hiyo anayekuambia ukae ndani anatakiwa ajue ndani mwako mna nini. Mama anayeuza omena Kondele anapata faida ya leo ili anunue chakula cha leo. Kumwambia akae hata siku tano tu ni kumwambia watoto wakae siku tano bila kula, na ataitikia "sawa daktari" kisha alfajiri utampata ziwani. Hajakaidi. Amefanya hesabu tu, tena kwa usahihi kuliko aliyetoa agizo.

Mtaani tunafanya tunachoweza. Chama cha akina mama wa ploti tatu kimeweka kopo la unga: nyumba ikitengwa, kila nyumba nyingine inatoa gorogoro nusu. Mwenye ploti mmoja alikubali kodi ichelewe wiki mbili. Haya ni mema, na hayatoshi. Usiache kumuuliza mwakilishi wenu wa wadi bajeti ya dharura iko wapi.

Mwenye ploti hataki kunyonya choo. Mimi mpangaji nina wajibu gani?

Wajibu mkubwa hapo ni wake. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, choo kinachofurika ni kero inayoweza kuagizwa iondolewe. Afisa wa afya anampa notisi, akikaidi anapelekwa kortini. Piga ripoti kwa bwana afya wa wadi, wengi kwa pamoja, ili asipatikane mmoja wa kufukuzwa. Ninakasirika sana ninaposikia mikutano ya "wajibu wa mwananchi" inayomfundisha mpangaji kunawa mikono hatua saba, na mwenye vyumba ishirini na choo kimoja amekaa meza kuu.

Unaruhusiwa kutaja nani anaumwa?

Hapana. Daktari ana wajibu wa kuripoti magonjwa fulani kwa idara ya afya, kipindupindu kikiwemo. Ripoti hiyo inakwenda kwa wenye kazi nayo. Haiendi kwenye kundi la WhatsApp la ploti. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti.

Nami nimewahi kukosea. Nilisema kwenye foleni ya maji, "chemsheni, kuna mgonjwa ploti ya geti la buluu." Jina sikulitaja. Lakini kulikuwa na geti moja tu la buluu. Kufikia jioni mtoto wa nyumba ile alikuwa amerudishwa kutoka dukani na pesa yake mkononi. Nilikwenda kuomba radhi, nikakaribishwa chai, nikainywa yote ingawa ilikuwa ya moto. Siku hizi nasema "chemsheni", basi.

Jirani anaharisha na anaficha. Nimripoti?

Kwanza mpelekee maji. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu. Au pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kama unayo. Anywe kidogokidogo hata akitapika. Ukishabisha hodi na jagi mkononi ni rahisi zaidi kusema "twende kituoni". Akikataa na macho yameanza kuingia ndani, niite mimi au mwenzangu usiku huo huo. Kipindupindu kikitibiwa mapema hakiui hata mmoja katika wagonjwa 100. Kikiachwa kinaweza kumaliza mtu mzima kabla ya machweo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye ploti ya kisima kimoja, kifo hicho huenda kikamuumbua aliyeficha kwa kuanza na mtoto wa jirani.

Nina vipele nashuku ni mpox, lakini tuk-tuk ndiyo kazi yangu.

Pumzika mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya itoke, kwa kawaida wiki mbili hadi nne. Mkodishe rafiki tuk-tuk kwa mgao wa siku. Mpox inashika kwa kugusana ngozi kwa karibu zaidi kuliko kwa kupita tu, kwa hiyo huna haja ya kukimbia mtaa. Nenda kituoni uchunguzwe. Vipele vingi ninavyoletewa ni tetekuwanga.

Wakubwa wanakusanya watu, sisi tunafungiwa. Kwa nini nitii?

Tarehe 1 Juni 2021 sherehe za Madaraka zilifanyika hapa, uwanja wa Mamboleo, mji ukajaa wageni. Delta ilikuwa imeshagunduliwa Kisumu mwezi mmoja nyuma. Tarehe 18 Juni tukawekewa masharti. Sisemi sherehe ndiyo iliyoleta wagonjwa; nasema watu walihesabu siku kumi na saba kwa vidole, na mimi nilikuwa na kazi ya kuwagongea milango siku ya kumi na nane. Hasira yako ni halali. Ila kirusi hakitazami nani ana haki ya kukasirika, na atakayeugua si mheshimiwa, ni mama yako mzazi anayelala chumba kimoja nawe.

Kama ni mimi nimewaambukiza watu, nina hatia?

Sheria inamwadhibu anayejua anaumwa na kujianika makusudi kwa watu bila tahadhari. Kama hukujua, hilo halikuhusu.

Aliyeniuliza hivi alikuwa muuza samaki wa kukaanga, siku mbili baada ya kutoka wodini, bado sauti haijarudi vizuri. Sikumjibu moja kwa moja. Nilimuuliza Jumanne alimuuzia nani. Akaanza kuhesabu: watu wa gereji watatu, mwalimu, binti wa kusuka nywele na mwenzake, mzee wa kanisa, keateka (mtunza ploti), vijana wawili wa kuosha magari, na mtoto aliyetumwa wa ploti ya nyuma. Kumi na mmoja. Nilichukua vidonge vya kutibu maji na pakiti za ORS, yeye akachukua leso yake. Tuliwamaliza wote kabla ya saa kumi na mbili.